Adui Aliyeulizwa

Jumapili ile Israël Mukuna alizima kipaza sauti adui akiwa bado anakufa.

Ukumbi wa mzee Kanyinda, pale Mikelenge, ulikuwa umejaa tangu saa saba mchana. Watu walibanana kwenye mabenchi, wengine chini, wengine mlangoni wakizuia upepo. Wote walikuwa wameifuatilia ile katuni ya Kijapani kwa miezi mitatu, na leo ilikuwa inakwisha. Yenyewe ilisema Kijapani, na maandishi ya Kifaransa yalipita chini haraka mno, kwa hiyo Israël na Princesse walikaa pembeni ya kioo cha runinga na vipaza sauti viwili, wakiisema upya kwa Kiswahili cha Kindu. Israël alisema sauti za wanaume, Princesse za wanawake. Kazi hiyo ndiyo iliyowakutanisha miaka minne nyuma. Walianza kwa kusemeshana maneno ya wapendanao wa kwenye kioo, na siku moja wakajikuta wanaendelea kusemeshana hata kioo kikiwa kimezimwa.

Adui wa katuni hiyo alikuwa jemadari aliyechoma mji mmoja wa kando ya mto. Jina lake la Kijapani lilikuwa refu, watu wa Mikelenge wakamwita Mukono-Moja, maana mkono wa pili hakuwa nao. Sasa alikuwa amelala kwenye matope, kijana shujaa amemsimamia na upanga, na kabla ya kukata roho akaanza kueleza. Yeye mwenyewe alizaliwa katika mji ule. Siku ya mafuriko mitumbwi ilijaa, wakamwacha ng'ambo na wadogo zake watatu, na mkono ulikatikia kwenye kamba aliyokuwa amewafungia.

Maneno hayo Israël hakuyasema. Midomo ya Mukono-Moja ilicheza kwenye kioo, na ukumbini hakukusikika kitu ila jenereta huko nje. Watu wakaguna. Mama mmoja wa mbele akauliza, jamani, anasema nini?

Princesse akamtazama Israël. Alikuwa amekunja mikono, macho yameganda ukutani. Alimjua vya kutosha kujua kwamba hatasema. Basi akavuta kipaza sauti chake, akayasema mwenyewe maneno ya mwisho ya Mukono-Moja kwa sauti yake hiyo hiyo ya kike, bila kujaribu kuikaza.

"Mulinihesabu na waliokufa. Lakini mimi nilikuwa ninaita, na ninyi mulikuwa munasikia."

Kisha watu wakaanza kulia, mafundi wa baiskeli, wauza mawese, mzee Kanyinda mwenyewe aliyekuwa ameiona filamu yote juzi akiijaribu. Wakalia zaidi shujaa alipoutupa upanga wake mtoni na kushika njia ya msituni, hakurudi tena kwa mchumba aliyekuwa akimngoja. Picha ya mwisho ilikuwa ya yule mchumba amesimama ufukweni peke yake. Basi, ikaisha.

Israël hakungoja taa ziwashwe. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na Princesse akamfuata.

Alimkuta ameketi kwenye tofali karibu na jenereta, anapiga vumbi kwa kiatu. Akakaa kando yake. Princesse alikuwa na hasira, lakini hata katika hasira aliona jinsi jasho lilivyomlowesha shati mgongoni, akataka kuweka mkono pale, akauzuia.

"Wameiharibu," akasema Israël.

Princesse alikuwa ameusikia wimbo huo kila Jumapili. Kaka yake Israël aliyeko Lubumbashi alimtumia vitabu vyenyewe vya michoro, kumi na moja, kwa Kifaransa, na Israël alivisoma mpaka majalada yakalegea. Katika vitabu Mukono-Moja alichoma mji kwa sababu alitaka kiti cha ufalme, basi. Shujaa alimuua, akarudi nyumbani, akaoa, ngoma ikapigwa. Watengenezaji wa katuni walifuata vitabu mpaka katikati, halafu wakakata njia yao wenyewe. Jambo hilo lilimkera Israël kama mtu aliyechezewa nyumba yake.

"Mwenye kuandika njo yeye mwenye hadithi," akaendelea. "Hawa wengine walitoa wapi hayo mafuriko? Mubaya ni mubaya. Ukianza kumulilia, wale aliowachoma wataliliwa na nani?"

Princesse akamjibu kwamba hakuna aliyewasahau. Filamu iliwaonyesha mmoja mmoja, kwa majina, jambo ambalo kitabu hakikufanya. Akajaribu kumweleza kile alichokiona ukumbini, lakini maneno yalimjia kwa shida, kwa maana alijua hawazungumzii katuni peke yake.

"Watu hawamulilii sababu alifanya muzuri," akasema. "Wanamulilia sababu kuna mutu alimuuliza ilikuwa namna gani. Mu kitabu hakuna mwenye kumuuliza. Anakuja, anachoma, anakufa."

"Na arusi je? Mu kitabu wanaoana. Wewe hutaki waoane?"

"Ninataka. Lakini ile arusi siiamini. Muji umeungua wote, na watu wanacheza juu ya majivu, hakuna hata mumoja mwenye kulia. Sisi tulitoka mu vita, Israël. Nani alirudi kwake akakuta ngoma? Ile katuni inatutendea haki. Haitudanganyi."

Israël akageuka, akamtazama. Alikuwa na macho yale ambayo Princesse hakuwahi kuyazoea, macho ya mtu anayesikiliza hata pale anapokataa. Akamshika vidole, akavikunja ndani ya kiganja chake, na uso ukalainika. Akasema basi, tuache hayo, nina habari nzuri niliyokuficha tangu asubuhi.

"Mama amekubali."

Mama Jeanne, mama yake Israël, alikuwa ameshikilia neno moja tangu Pasaka, kwamba amesikia msichana huyu ana ukoo na mtu fulani aitwaye Kitenge, wa wakati wa vita, na kama ni kweli, hatakanyaga uani kwake. Wajomba wa Israël walikuwa tayari kuja kutoka Kasai kumposa. Kilichokosekana kilikuwa neno la mama.

Akamuuliza amekubali vipi.

Israël akatazama chini. Alisema amemweleza mama kuwa hao ni Kitenge wawili tofauti. Baba yake Princesse zamani alikwenda mahali paitwapo Kama kuchimba dhahabu, shimo likamwangukia, akafa. Ndiyo maana Princesse alilelewa na shangazi—hapana, akajisahihisha, na mama yake mdogo, Mama Clémentine. Mama amefurahi, amesema maskini mtoto yatima.

Princesse akautoa mkono wake.

"Baba yangu iko Alunguli, ng'ambo ya muto," akasema. "Analima mupunga."

"Najua."

"Hajakufa."

"Najua, Princesse. Ni maneno tu. Hakuna anayevuka kwenda kumutafuta. Tutaoana, mambo yatatulia, kisha siku moja..."

"Miezi mitatu umewakasirikia Wajapani sababu walibadilisha mwisho. Sasa wewe umemuua baba yangu na mudomo, na unataka mimi niseme sauti ya yatima."

Israël akainamisha uso kwa aibu, halafu akauinua kwa hasira. Akasimama. "Ulitaka nimwambie nini?" akasema kwa sauti ya chini. "Kwamba baba ya bibi-arusi njo ule aliyemuuza mume wake, baba yangu?"

Akaingia ndani kuwasaidia kutoa mabenchi. Princesse akabaki pale na swali ambalo hakuwa na jibu lake, na hilo ndilo lililomchoma kuliko uongo wenyewe. Hakuwa na jibu kwa sababu hata yeye, katika umri wa miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kuuliza.

Alichokijua ni kile kilichojulikana na wote. Mwaka elfu mbili na mbili, Kindu ilikuwa imefungwa. Askari walioshika mji walikaa ng'ambo hii, wapiganaji wa msituni ng'ambo ile, na katikati Lualaba, ambayo ilikuwa marufuku kuivuka. Mjini njaa iliuma mpaka watu wakachemsha mizizi. Florentin Kitenge, baba yake, alikuwa na mtumbwi, akawavusha watu kwa siri kwenda kutafuta mihogo Alunguli. Mmoja wao alikuwa Papa Mukuna, karani wa reli, mtu wa Kasai, baba wa watoto wanne. Siku moja Mukuna alifika ufukweni akakuta askari badala ya mtumbwi. Hakuonekana tena. Kesho yake Kitenge alionekana akipita na mfuko wa chumvi begani, wakati ambapo chumvi mjini ilikuwa hakuna kabisa, na watu wakajumlisha wenyewe.

Princesse alikuwa na miaka tisa. Kitu alichokikumbuka kuliko vyote ni sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, ya siku ile. Baada ya miezi ya kula majani yasiyo na ladha, ulimi wake uliguswa na chumvi, na alifurahi mpaka akacheka. Furaha hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

Kisha jirani zao wakaacha kuwasalimu. Mama yake akafariki mwaka wa pili, baba akavuka mto asirudi, naye akabaki kwa Mama Clémentine. Alimtembelea baba yake sikukuu mbili kwa mwaka, wakazungumza mvua na ndege wanaokula mpunga.

Jumatatu, shule alikofundisha ilipofunga mchana, akapanda mtumbwi wa mashine hadi Alunguli bila hata kupita nyumbani. Baba yake alikuwa uani anapepeta mchele. Alishtuka kumwona siku isiyo ya sikukuu, akauliza nani amekufa. Princesse akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamwambia kuna kijana anayempenda, na kijana huyo ni mtoto wa Mukuna.

Ungo ukasimama mikononi mwa mzee. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama wanataka asifike kwenye arusi. Alisema hilo si tatizo, hatafika.

"Baba, sikuja kwa hilo. Nimekuja kukuuliza. Ilikuwa namna gani?"

Midomo ya Kitenge ilianza, ikaacha, ikaanza tena. Miaka ishirini na miwili watu walikuwa wamemtemea mate, wamemtukana, wamemkimbia. Swali hilo hakuna aliyemuuliza, na ilionekana hakujua lijibiwe kutoka upande gani.

Alieleza polepole, mara nyingine akirudi nyuma kusahihisha. Askari walimkamata mama yake Princesse sokoni, wakamweka kambini kwao siku mbili. Walimwambia Kitenge wanajua anavusha watu wanaopeleka habari msituni, na kama anamtaka mke wake, ataje jina moja. Siku hizo alikuwa akivusha watu watano.

"Basi hukuwa na njia, Baba," akasema Princesse. Machozi yalikuwa yameanza, na ndani yake kitu kilikuwa kinalegea, kitu kilichongoja miaka yote kusikia hivyo.

"Ngoja," akasema mzee. "Usinisaidie haraka. Watano, na mimi ndiye niliyechagua. Wale wengine wane walikuwa wa hapa, wangekuwa na ndugu, wangenijia nyumbani. Mukuna hakuwa na ndugu hapa. Alikuwa mugeni wa reli. Nilimuchagua yeye sababu hakuna mwenye angenidai damu yake. Hiyo sikumwambia hata mama yako."

Kile kilichokuwa kinalegea ndani ya Princesse kikakaza tena. Alikuwa amevuka mto kutafuta baba anayestahili kuhurumiwa. Alipewa nusu ya baba huyo, na nusu nyingine ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Akataka kumpigia kelele, akataka kumkumbatia, akashindwa yote mawili, akabaki anasugua magoti yake.

"Na chumvi?" akauliza.

"Walinitupia. Niliiokota."

"Na mimi niliikula."

"Ulikuwa mutoto," akasema mzee, akaanza kupepeta tena.

Baadaye, alipokuwa anajiandaa kuondoka, baba yake akaongeza jambo. Askari walimwita awachukulie maiti ya Mukuna, aitupe mtoni. Hakuitupa. Aliteremka nayo na mkondo, akaegesha chini ya shamba la michikichi la zamani, njia ya Lokandu, akamzika. Alitaka kwenda kumwambia yule mama mjane, mara nyingi alitaka. Lakini kusema mahali alipo ni kusema nani alimweka, na miguu haikumpeleka.

Usiku huo Princesse hakumpigia Israël, wala hakupokea simu zake. Jumanne mchana akaenda kwa Mama Jeanne.

Mama huyo alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa anachambua maharage kibarazani, akamvutia kiti, akamwita binti yangu, akasema amewaambia wajomba waje mwezi ujao. Kisha akaanza habari za katuni. Jumapili alikuwa ukumbini, alisema, mbele kabisa, na Israël alipozima kile chombo yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza anasema nini. Ule Mukono-Moja alimmaliza. Kutwa nzima ya jana alikuwa anamfikiria, na wadogo zake watatu, na ile kamba.

Princesse akaona mlango umefunguka, akaingia. Akamwambia kwamba baba yake hakufia kule Kama. Yuko hai, Alunguli, na ni Kitenge yule yule.

Mikono ya Mama Jeanne ikaacha maharage. Wakati huo huo Israël akaingia uani, mtu alikuwa amemwambia amemwona Princesse akipita, na kwa nyuso zao akaelewa kwamba amechelewa. Mama yake akamuuliza kama alijua. Kisha akamwambia kaa, naye Israël akakaa chini kwenye saruji, mwanamume mzima wa miaka thelathini na mitatu, hana pa kuweka macho.

"Mama," akasema Princesse, "ule wa katuni ulimulilia. Yeye alichoma muji wote."

"Ule ni wa katuni." Mama Jeanne hakupandisha sauti. "Kumulilia ule ni rahisi. Alichoma watu wa Japani. Hakuniachia watoto wane na njaa. Hakupita mbele ya nyumba yangu na mufuko wa chumvi. Wewe unafikiri huruma ni kitu kimoja, mutu anatoa tu? Kwa ule ninaweza kulia kutwa, na jioni ninakula ugali yangu. Kwa baba yako, nikilia tone moja, mume wangu njo atakuwa ananitazama."

Princesse alijua ni kweli, na ilikuwa kweli kwa namna ambayo hakuna filamu ingeweza kuipita. Pale nyuma ya ukumbi alimbishia Israël kwamba watu hulia kwa sababu adui ameulizwa. Sasa aliona upande wa pili wa jambo hilo. Watu humuuliza kwa moyo mweupe adui ambaye hakuwagusa.

"Sikuja kumutetea," akasema. "Nimekuja kukwambia alichoniambia, sababu ni chako, si changu."

Akamwambia yote. Mke kambini, siku mbili. Majina matano. Alipofika pale pa kuchagua, akafikiri kuliruka jambo hilo, ilikuwa rahisi sana kuliruka, na Israël chini pale alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba aliruke. Hakuliruka. Alisema kwamba Mukuna alichaguliwa kwa sababu alikuwa mgeni, na kwamba chumvi ile yeye mwenyewe aliila akacheka. Mama Jeanne alifunga macho. Kisha Princesse akasema habari ya shamba la michikichi.

Kuku waliyafikia maharage, hakuna aliyewafukuza.

"Alimufunika na nini?" akauliza Mama Jeanne.

"Na mukeka wa mutumbwi."

"Kichwa kilitazama wapi?"

"Sikuuliza, Mama."

"Ungeuliza." Akafungua macho, akajifunga upya kikwembe chake kiunoni, akageuka kwa mwanawe. "Mimi nilifikiri samaki walimukula. Miaka hii yote sikula samaki ya huu muto, munanicheka, munasema ni maringo." Akasimama. "Jumamosi unatafuta mutumbwi. Binti huyu anakwenda na sisi, yeye na baba yake. Na musinielewe vibaya. Sijamusamehe mutu."

Alipoingia ndani, Israël akanyanyuka akasogea karibu na Princesse, lakini hakumgusa. Alisema aliogopa kumkosa, ndiyo maana. Princesse akamjibu kwamba Jumapili ile kweli alimkosa, lakini kidogo.

"Kidogo?" akauliza.

"Kidogo. Usinifanye niongeze."

Jumamosi asubuhi waliteremka wanne, na mwendesha mashine nyuma. Mama Jeanne alikaa mbele kabisa, mgongo kwa Kitenge, na safari nzima hakugeuka. Kitenge alishika jembe kati ya magoti. Israël na Princesse walikaa katikati, kama watu wanaotenganisha moto na mafuta, mabega yao yakigusana kila mtumbwi ulipoyumba, na hakuna aliyesogea pembeni.

Shamba la michikichi halikuwepo. Waliloliona waliposhuka lilikuwa shamba la mihogo. Michikichi mingi ilikuwa imekatwa, visiki vimechomwa. Kitenge alitembea huku na huku. Alisema palikuwa na miti mitatu imesimama hivi, na mfereji. Alikwenda kwenye mfereji mmoja, akachimba, hapana. Akaenda mwingine. Saa mbili zilipita, jua likapanda, shati lake likawa jeusi kwa jasho, na kila alipokosa alichimba kwa pupa zaidi, pumzi inamkwama, mpaka Princesse akashindwa kutazama. Amekaa na siri hii miaka ishirini na miwili, akawaza, na siku ya kuitoa, ardhi imeila.

Israël ndiye aliyemwendea. Tangu asubuhi hakuwa amemsemesha mzee yule hata salamu. Akashika mpini wa jembe juu ya mikono yake, akauzuia.

"Lete, mzee," akasema. "Mimi nitachimba. Wewe nionyeshe tu."

Kitenge aliachia jembe, lakini hakuwa na pa kuonyesha. Alisimama katikati ya mihogo, mikono imening'inia. Na hapo Mama Jeanne, aliyekuwa ametembea peke yake kando ya mfereji wa kwanza, akatandika kitambaa chini, akakaa.

"Acheni," akasema. "Mukichimba pote, mutamukosa pote. Iko hapa hapa, katika udongo huu. Inatosha."

Akaanza kuimba polepole kwa Kiluba cha kwao Kasai, wimbo ambao Israël hakuwa ameusikia tangu utotoni, na alipoutambua akapiga magoti kando ya mama yake. Princesse akabaki amesimama na baba yake. Akamshika mkono, si kwa kumsamehe wala kwa kutomsamehe, akamshika tu asianguke.

Wimbo ulipokwisha, Mama Jeanne akajifuta uso, akamnyooshea Princesse mkono amwinue. Alikuwa mzito, na alipokwisha kusimama hakuuachia mkono ule. Akamtazama Kitenge kwa mara ya kwanza, kutoka miguuni hadi usoni, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. Kisha akamgeukia Princesse.

"Siku ya arusi yenu," akasema, "baba yako atakaa nyuma kabisa, mahali macho yangu hayafiki."

Akavuta pumzi, akatazama mihogo.

"Lakini atakaa."